Ng'ombe za mu Telefone

Papa Umuhoza,

Napanda ku kilima kutafuta rezo ya telefone, mutihani yangu ya bioinformatiki iko saa ine. ~~Chakula utajipikia.~~ Nimekuhurumia, maharagi iko mu sufuria. Lakini maziwa utauzisha weye mwenyewe, kwa wale wale uliochekesha hii asubui: «Mukazi wangu anachunga ng'ombe mu telefone!»

Sikia sasa. Zoezi ya hiyo bioinformatiki ilikuwa kuchora ukoo wa ng'ombe kwa kulinganisha jeni zao. Jana ulichukua bic, ukaongeza mu karatasi yangu ng'ombe yako Bihogo, mama yake, na mama ya mama yake. Nilituma picha bila kuangalia. Mwalimu amejibu: mu sehemu yangu iko makosa tatu, ila huyu Bihogo wako, mwalimu mwenyewe anataka kumujua zaidi!

Usivimbe kichwa. Nimekwisha kukuandikisha mu hii masomo yangu. Unaanza kesho.

Mama Umuhoza, muchungaji wa mu telefone