Baba, Fungu Lako Tumelisemea

Mwaka umekatika, Baba, tangu asubuhi ile ulipomwambia Mama afungue dirisha kwa sababu chumba kimejaa hewa ya jana. Alifungua. Alipogeuka kukuuliza kama inatosha, ulikuwa umeshakwenda.

Ulikuwa mpiga chapa, na matangazo ya kumbukumbu ya mji huu yalipita mikononi mwako kwa miaka mingi. Uliyasoma yote kabla ya kuyachapa, na mengine uliyarudisha. "Huyu mliyemwandika hapa hajazaliwa bado," uliwaambia watu wenye macho mekundu. "Nendeni mkaniandikie yule aliyekuwa akiwaudhi." Basi wenzangu wamenipa kalamu mimi, kifungua mimba wako, na naandika huku nikihisi umesimama nyuma ya bega langu unatafuta kosa.

Kwa hiyo tuanze na ulivyotuudhi. Ulikata kucha sebuleni. Ulizima redio katikati ya taarifa ya habari ili utueleze wewe taarifa inasema nini. Uliazimisha watu miavuli ambayo haikuwa yako. Simu ulikata bila kuaga. Na mtu akija kukushukuru kwa jema ulilomtendea, ulimkatiza ukamuuliza mguu wake unaendeleaje, hata kama hajawahi kuumwa mguu.

Watu walikuita Bwana Kesho. Kikundi kikija kwenye Mfuko kuomba msaada, uliwaacha waeleze mpaka wachoke, kisha ukauliza, "Na kesho?" Wakieleza ya kesho, uliuliza, "Na kesho kutwa?" Wapo waliokulaani pale mlangoni wakitoka. Wengi wao walirudi kukusalimia baadaye, wakiwa na kikundi ambacho bado kiko hai.

Kwa wasioujua Mfuko wenyewe, tuwaambie ulikoanzia. Ulianzia kwenye meza yako ya kupigia chapa. Wafiwa wakija na tangazo, walikuwa wakikuuliza, "Mzee, rambirambi zimebaki, tumfanyie nini marehemu kitakachodumu?" Ukachoka kuwapa ushauri mmoja mmoja. Ukawaambia waweke pamoja, na walio hai nao waongeze wanachoweza, fundi na mwenye duka na mwalimu. Shina lisiguswe, kinachogawiwa kiwe ni mazao yake, mwaka hata mwaka, kwa vikundi vya hapa hapa mjini. "Kuku ukimchinja leo umeshiba," ulisema. "Ukimwacha, wajukuu wako watakula mayai." Ndivyo kilivyopatikana chumba cha kusomea watoto wenye uoni hafifu. Ndivyo timu ya mpira ya wasichana ilivyokutana na nyumba ya wazee. Timu ilikuwa na dereva haina gari, wazee walikuwa na gari hawana dereva, na wewe ndiye uliyewakalisha kwenye benchi moja mpaka wakaelewana. Mara nyingi kilichohitajika hakikuwa hata fedha. Ulikaa na vikundi ukawafundisha kuchagua kiongozi bila kurushiana viti.

Ila wewe ulikuwa mtumishi wa wafu pia, na hilo halikuwahi kukutoka. Mtu akiacha fungu lake kwenye Mfuko kwa ajili ya jambo fulani, jambo hilo ulilishika hata kama amelala kaburini miaka kumi. Kabla ya wewe na wadhamini wenzako kuamua juu ya fungu la marehemu, ulimiminiwa chai. Ulipiga hodi mezani kwa kidole: "Hodi kwako, mama mshonaji. Tumekuja kuhusu fungu lako." Kisha ukanywa chai yako taratibu, na hakuna aliyeruhusiwa kufungua mdomo mpaka kikombe kiishe. Mwanasheria wenu alikuletea kisahani ili chai ipoe upesi. Ulikirudisha. Kikombe kikiisha na jibu likiwa halijapatikana, mliwatuma watu kwa aliyeishi na marehemu, mke au mume au dada, wakamuulize. Asiposema, fungu lilisubiri. "Usimtilie marehemu maneno kinywani," ulisema. "Hana mkono wa kuyatoa."

Sasa tulizungumze la nyumbani, kwa kuwa hata majirani wanalijua. Tulikuzika, lakini hukuondoka.

Ilianza kabla hata viti vya wageni havijarudishwa. Alasiri, jua likiwa limefika kwenye ukuta wa korido, tulisikia kandambili zako zikiburuzwa kutoka chumbani hadi kwenye mlango wa sebule. Zikasimama. Kisha kile kikohozi chako kifupi, cha mtu anayetaka kuingia kwenye mazungumzo. Mara nyingine ilikuja harufu ya wino, na duka la chapa tulishaliuza na mashine zake zote. Mama hakushtuka. Alisogeza kiti chake kikaelekea korido.

Mdogo wangu, fundi umeme, ambaye haamini kitu asichoweza kukipima, alisema ni bomba la maji. Akaja na vifaa vyake, akapanda ngazi, akafungua dari. Kikohozi kikapita chini yake. "Shikamoo," alisema, kisha akashuka akakusanya vifaa vyake. Bomba hatujalisikia tena mdomoni mwake.

Tulikuogopa, Baba, tusidanganyane. Watoto wetu waliacha kupita korido peke yao. Lakini tulikuogopa huku tukikusubiri, na siku usipokuja Mama hakula vizuri.

Rambirambi zako tulizipeleka kwenye Mfuko, kama ulivyowashauri wengine. Wadhamini wakafungua Fungu la Bwana Kesho. Ndipo ilipogundulika kwamba wewe, uliyewasumbua watu wote waseme wazi wanataka nini, hukuwahi kusema lako liwe la nini. Mganga hajigangi. Katibu wa Mfuko akaja nyumbani, akafuata desturi yako neno kwa neno, akamuuliza aliyeishi nawe.

"Ngojeni kidogo," Mama alimjibu. "Yupo. Atasema."

Wakangoja, kwa sababu wewe ndiye uliyewafundisha kungoja.

Walioumia kwa kungoja huko ni wauguzi wa majumbani. Unawajua. Ni wale wauguzi wastaafu wanaowafuata wagonjwa vitandani mwao, wanafunga vidonda, wanawafundisha jamaa namna ya kumgeuza mtu asiyejiweza. Mkubwa wao, ambaye mji mzima unamwita Sista, ndiye aliyekuwa akikuosha na kukufunga vidonda mwishoni, mikono yako ilipokataa kushika hata kijiko. Ombi lao lilikuwa mezani kwenye Mfuko wakati huo huo. Ukatoka kwenye kikao. "Mkono unaonifunga kidonda, mimi siuandikii hundi," ulisema, ukatukataza sote tusiwataje mbele ya wadhamini. Ombi likawekwa kando mpaka upone.

Hukupona, na mazao ya mwaka ule yakaishia kwa vikundi vingine. Na mfadhili wao wa nje akaondoka. Wakapoteza chumba chao, bandeji na glavu zikahamia jikoni kwa Sista, na wagonjwa wakaanza kupunguzwa mmoja mmoja.

Katibu akarudi. "Mama, fungu la mzee limelala, na wauguzi wanafunga. Tunahitaji neno lako tu."

Mama akatazama korido. Ukakohoa. Safari hii hata katibu alisikia, kwa maana alikiweka kikombe chini na hakukishika tena.

"Amekataa," alisema mdogo wangu.

"Amesafisha koo," nikamwambia. "Anataka kusema."

"Basi nyamazeni aseme," Mama akasema. Tukanyamaza mpaka jua likatoka ukutani. Hukusema.

Nilimlaumu Mama siku ile. Nilimkuta uani anaanika nguo, nikamwambia watu wanateseka kwa sababu yetu. Hakukasirika. Alisema anaogopa mawili. La kwanza, watu waseme Bwana Kesho amemlipa muuguzi wake kwa mlango wa nyuma, wewe ambaye hukuwahi kula hata biskuti ya Mfuko. La pili alilisema huku ameelekea kamba ya nguo. "Anachongoja pale koridoni ni hilo neno. Nikilisema mimi, atakuwa hana kinachomweka." Hata mimi nilikuwa nakuja kila alasiri, na nyumbani kwangu si karibu.

Sista hakuomba kitu. Alikuja kumpima Mama presha, kama kawaida yake, na alipokuwa anakunja mpira wa kipimo ulikohoa. Akageuza kichwa. "Huyu kifua chake hakijapona tu?" alisema, kwa sauti ile ile ya wodini, na Mama akacheka kwa mara ya kwanza tangu msiba. Kisha Sista akaaga. Alikuwa anakwenda kwa yule fundi cherehani wa mtaa wa nyuma, aliyeshikwa na kiharusi. Alikwenda kwa miguu na bandeji zilizobaki.

Mama akavaa viatu akamfuata. Sijui kwa nini siku ile.

Aliporudi alinawa mikono kwa muda mrefu. Alituambia kwamba mke wa fundi ni mdogo wa umbo, hawezi kumgeuza mume peke yake, na wauguzi siku hizi hufika kwa kubahatisha. Mgongo wa fundi umefunguka vidonda vya kulala. Mama aliushikilia mgongo ule huku Sista akifunga. "Ananuka," alisema, "na akili zake zote anazo. Aliniomba radhi." Akaniamuru nimpigie katibu simu aitishe kikao.

Mama hakuwahi kukanyaga kwenye kikao chako ulipokuwa hai. Alisema wewe huingilii jikoni kwake, naye haingilii huko. Safari hii alikaa mahali pako, kwa sababu ndipo palipokuwa wazi. Chai ikamiminwa. Katibu akagonga meza kwa kidole. "Hodi kwako, Bwana Kesho. Tumekuja kuhusu fungu lako." Kisha akajifanya anatafuta miwani.

Mama akanywa. Unajua anavyopenda sukari. Aliinywa hivyo hivyo bila sukari. Nilikuwa nimekaa ukutani kwenye viti vya wageni, na nakiri nilikuwa nasikiliza korido ya ofisi. Nilisikia gari mtaani na mtu akifunga duka. Kikombe kikaisha.

"Nimeishi na huyu mtu tangu nikiwa msichana," Mama akasema. "Nimemngoja miezi yote hii aniambie anataka nini. Hakuniambia. Sasa simtilii maneno kinywani, haya ni yangu mwenyewe. Fungu lake liende kwa wauguzi wa majumbani, leo na miaka yote ijayo. Atakayesema mzee amemlipa muuguzi wake, aje kwangu."

Mwanasheria akauliza kwa adabu, "Na kama mzee asingependa, mama?"

"Basi nyumbani anapajua," Mama akajibu. Wadhamini wakanyoosha mikono.

Tulirudi mapema, jua lilikuwa bado halijafika ukutani. Mama akaweka kiti kwenye korido yenyewe, akakaa. Tukakaa naye. Jua likaja, likapanda, likaondoka. Kandambili hazikuburuzwa. Hakuna aliyekohoa. Mdogo wangu alipanda ngazi akagonga dari kidogo, eti anaangalia waya, akashuka bila kumtazama mtu.

Hujarudi tangu siku ile, Baba. Wauguzi wamepata chumba chenye kabati la kufungwa na nauli ya kuwafikia wagonjwa, na Mfuko unawafundisha wapate wachangiaji wengine hapa hapa mjini wasitegemee mtu mmoja. Wasichana wawili kutoka ile timu ya mpira wanajifunza kazi kwa Sista. Anasema wana mabega. Mgongo wa fundi cherehani unaanza kufunga. Watoto wetu wanakimbia koridoni. Nyumba imekuwa nyumba ya kawaida, na tunaichukia.

Kila anayekuja anatuambia umeridhika, umekwenda kupumzika. Hata mimi nilimwambia Mama hivyo juzi, tukiwa tunachambua mchele. Aliendelea kuchambua.

"Nyinyi hamkuolewa naye," alisema. "Akiridhika alinyamaza. Akinuna alinyamaza vile vile. Mimi nilikuwa najua kwa kumtazama usoni."

Wanaokukumbuka ni mkeo, ambaye kiti chake bado kinatazama korido. Mimi kifungua mimba wako. Mdogo wangu fundi umeme. Kitinda mimba wetu aliye mbali, anayetupigia simu alasiri na kutuomba tusiongee, asikilize. Wakwe zako, wajukuu zako, wadhamini na katibu wa Mfuko, Sista na wenzake, na wote wenye miavuli yetu.

Daima tutakukumbuka, Baba, uwe umeridhika au umenuna.