Biblia Uliyomwazima Eliasi

Tate,

Shikamoo, baba. Nimekaa barazani kwetu hapa Mlalo, pale ulipopenda kuota jua la asubuhi, na naandika kwa hasira, kwa hiyo usitegemee mwandiko mzuri. Eliasi amekutaja bungeni. Eliasi yule yule uliyemlea baada ya wazazi wake kufariki, ambaye siku hizi tunatakiwa kumwita mheshimiwa. Amekutaja, na amekusingizia.

Nilikuwa gengeni na Mama, tunamenya njegere, redio imewashwa. Bunge lilikuwa linajadili muswada wa kubadili sheria ya vyama. Sheria ya sasa unaijua, ilikuumiza vya kutosha: mbunge akihama chama anapoteza kiti, na sisi tunarudi kwenye foleni kupiga kura upya. Sasa wapo wanaotaka mbunge ahame na kiti aondoke nacho. Wanasema haapi kwa chama, anaapa kwa nchi na kwa Mungu, basi chama kisimshike shati. Wengine wakajibu kwamba hapo mpiga kura atakuwa ameibiwa mchana kweupe. Nilisikiliza vizuri tu, hata nikaona kila upande una la kusema. Ndipo Spika akamwita mbunge wetu.

Akaanza na sauti ile ya madhabahuni aliyoiiga kwako. Akasema alilelewa na mwinjilisti mmoja huko milimani, sasa ni marehemu, na kwamba mwinjilisti huyo alimpa Biblia yake akaapie, akamwambia kiapo ni chako na Mungu, chama ni koti tu, ukilichoka unalivua. Wabunge wakapiga meza. Kwa furaha, Tate! Mama akaacha kumenya, akaniuliza, "Baba yako alisema hivyo lini?"

Hukusema. Nilikuwepo siku ulipomwazima, mimi ndiye niliyemimina chai. Ulifungua ule ukurasa wa mbele ulipoandika majina yetu, kila mtoto alipozaliwa, na chini ya jina langu ukawa umemwandika Eliasi tangu alipohamia kwetu. Ukamwonyesha kwa kidole. Ukamwambia, "Ukiishika hii umetushika sisi wote. Angalia unaapa nini." Basi. Koti gani? Wewe koti lako lilikuwa moja, la kijivu, na tumekuzika nalo.

Alivyokihama chama kilichompeleka Dodoma hakutuuliza. Tukasikia redioni kama watu baki. Uchaguzi ukarudiwa, tukasimama kwenye matope na mvua ile inayopenya hadi mifupani, na wewe ukabaki ndani umegeukia ukuta. Akashinda tena. Akaapa tena, na Biblia ile ile. Ulipoisikia sauti yake ukasema, "Zimeni," na hiyo redio hukuigusa tena mpaka unatuaga.

Kuna jambo sijawahi kulisema mbele ya Mama, nalisema kwako. Ulipolazwa Lushoto uliomba Biblia yako. Siyo nyingine, yako. Nikampigia Eliasi, akasema ipo Dodoma, ataituma. Nikampigia tena, simu akapokea msaidizi wake. Mchungaji alipokuja kukuombea akakusomea zaburi kwenye simu, kidole kinateleza kwenye kioo, mara meseji inaingia, mara kioo kinazima. Ukafumba macho ukamwacha amalize. Mtu aliyehubiri Neno maisha yake yote akasomewa zaburi ya mwisho kwenye simu ya mkononi! Hilo sitamsamehe. Mchungaji atanisema, na aniseme tu.

Kwa hiyo alipokuja hapa kufanya mkutano wa hadhara, siku chache baada ya hotuba ile, nilikwenda. Nilivaa ile kanga yangu ya msiba wako. Akaeleza muswada, akasema kilio chetu amekifikisha. Kilio kipi? Ruhusa ya kuuliza maswali ilipotolewa nikanyoosha mkono, mtu wa kipaza sauti akanipita, nikasimama nikapiga kelele bila kipaza sauti. Nikamwambia, "Eliasi, baba hakusema habari za koti. Na Biblia yake iko wapi?"

Akacheka kidogo, akasema, "Dada yangu, ipo mahali salama." Nikamwambia mahali salama ni kwa mama aliyekunywesha uji. Hapo akina mama wakaanza kuguna, wale wale uliokuwa ukiwafundisha kwaya, na yeye akatazama saa yake.

Imekuja jana. Imeletwa na dereva, imefungwa kwenye bahasha ya kaki, hata karatasi ya pole hakuna. Inanuka manukato ya gari. Dereva, kijana wa watu hana kosa, akasema mheshimiwa anaomba tumtunzie vizuri kwa sababu uchaguzi ukipita ataihitaji tena. Nilitamani kucheka, nikalia.

Nikafungua ukurasa wa mbele nikachukua kalamu ili nimfute. Mama akanishika mkono. Akasema, "Aliyemwandika ni baba yako. Wewe hukumwandika, huwezi kumfuta." Unamjua Mama, haongezi neno. Nikaweka kalamu. Jina lake limebaki chini ya langu, kwa mwandiko wako, na kila nikilitazama nachemka upya.

Muswada sijui utaishia wapi. Wanaweza kuupitisha, wanaweza kuutupa, wenye viti ndio wanaoamua habari za viti. Lililo mikononi mwangu ni hili moja, na ndilo ninalokuahidi: Biblia yako haitashuka tena mlima kwenda Mombo. Haitapanda basi, haitapanda gari la mheshimiwa. Anayetaka kuiapia aje mwenyewe huku juu, aishike kwenye meza ya Mama, ukurasa wa majina ukiwa wazi, na sisi wote tulioandikwa humo tukiwa tumekaa tunamtazama mdomoni.

Pumzika, Tate. Jioni hii nakuja kaburini na Mama kukusomea ile zaburi, safari hii kutoka kwenye karatasi.

Binti yako,
Ester