Upepo Uliotolewa Njiani

MAELEZO YA SHAHIDI

Jina: Mama Pacha (jina la kitambulisho limeandikwa kwenye jalada)
Umri: miaka 58
Kazi: fundi cherehani, hushonea nyumbani
Makazi: mtaa wa nyuma ya soko la mbao, nyumba yenye geti la bluu
Kuhusu: ajali ya gari dogo, barabara ya kwenda machimbo ya kokoto

Nimefika kituoni leo Jumatatu, tarehe 17, asubuhi, kwa miguu yangu na bila kuitwa. Afande anayeandika ameniambia kwamba kwa kuwa maelezo haya yanamgusa mume wangu wa ndoa, silazimiki kuyatoa. Nimemwelewa. Ameniuliza mara mbili kama nimeelewa, nami nimemjibu mara mbili, na sasa naomba aandike kabla moyo wangu haujageuka.

Mume wangu ni dereva mstaafu wa malori. Mtaani wanamwita Usukani. Ameendesha miaka ishirini na nane, na mwenyewe hupenda kusema kwamba hajawahi kuua hata kuku. Jirani akitaka kununua gari, haendi kulilipia mpaka Usukani alizunguke kwanza. Huzunguka pole pole, mikono nyuma, halafu hupiga kila tairi teke moja na kutega sikio. Hiyo anaiita kupima kwa kiatu. Anasema tairi lililoshiba hujibu "dum" na lenye njaa husema "pwata". Watu hucheka, lakini humsikiliza, na mimi nilikuwa nasimama mlangoni nikiona fahari.

Afande ameniomba niache habari za kiatu nije kwenye ajali. Nimemwomba anivumilie, kwa sababu bila kile kiatu ajali yenyewe haieleweki.

Mnamo Ijumaa tarehe 14, saa moja asubuhi, mimi na mume wangu tuliondoka nyumbani na gari la mmoja wa wanetu mapacha, ambaye anafanya kazi mbali na amemwachia baba yake alitumie. Mwenzake anajenga, nasi tulikuwa tunampelekea vifaa. Nyuma tulipakia maboksi ya vigae vya sakafu na sinki la jikoni. Mbele nilikaa mimi, ambaye pia si mwepesi. Gari lilikuwa limeinama nyuma, hata mimi nililiona.

Tulisimama kwanza kwa fundi wa matairi aliye kwenye kona ya mtaa wetu. Jina lake la mtaani ni Mapafu. Kabla hajapata mashine ya umeme alikuwa anajaza upepo kwa pampu ya mguu, na majirani walikuwa wanamhurumia kifua. Ni mtu mzima wa miaka thelathini na kitu, ana mke na mtoto mchanga. Mapafu aliuangalia mzigo, akafungua mlango wa dereva, akasoma karatasi iliyobandikwa kwenye fremu, ile inayoonyesha upepo wa gari likiwa tupu na likiwa na mzigo. Akapima matairi yote manne kwa kipimo chake, akayaongezea yale ya nyuma. Akakagua meno ya matairi, akasema bado yanauma barabara vizuri. Nati zote alizikaza moja moja kwa spana.

Halafu alimwambia mume wangu, nami niko ndani na kioo kiko wazi: "Mzee, nimeyajaza kama gari linavyotaka likiwa na mzigo. Sasa hivi ni baridi. Njiani yatapata moto na upepo utapanda kidogo. Yaache hivyo hivyo, usiyapunguze. Tairi lenye upepo mdogo hujikunja kila likizunguka, na kule kujikunja ndiko kunakolichoma hadi likapasuka."

Mume wangu alicheka. Akasema: "Mapafu, wewe ulikuwa unanyonya wakati mimi navuta tani thelathini mlimani."

Mapafu naye alitabasamu. "Ni kweli, mzee. Lakini usiyapunguze."

Hayo niliyasikia kwa masikio yangu mwenyewe, sikuhadithiwa na mtu.

Kama saa nne hivi tulisimama kwenye kituo cha mafuta ili nijisaidie. Jua lilikuwa kali. Niliporudi nilimkuta mume wangu amechuchumaa nyuma ya gari. Aliligusa tairi la kushoto kwa kiganja akakitoa haraka, kisha akasimama akalipiga teke. Akaniambia: "Umesikia? Limejaa kama ngoma. Huyu Mapafu anataka kutuua." Akafungua kifuniko cha valvu, akabonyeza kwa ncha ya ufunguo, na upepo ukaanza kutoka. Ulitoka kwa muda mrefu. Akahamia tairi la kulia, akafanya vivyo hivyo.

Nilimwambia: "Baba Pacha, si Mapafu amesema yaachwe?"

Akasema: "Mapafu anajua upepo wa baiskeli."

Mhudumu wa kituo, dada mwenye kofia nyekundu, alituuliza kama tunahitaji mashine yao, kwani ina kipimo na wateja hawalipishwi. Mume wangu alimjibu kwamba kipimo chake amekivaa mguuni. Yule dada alicheka. Na mimi nilicheka. Naomba hilo la kucheka liandikwe, kwa kuwa lingeweza kusahaulika kwa urahisi na mimi ndiye ningelisahau wa kwanza.

Tulipoondoka pale, nyuma ya gari ilianza kucheza, hasa kwenye kona. Mume wangu akasema ni upepo wa pembeni. Baadaye nilisikia harufu ya mpira unaoungua, nikamwambia. Akasema kuna watu wanachoma takataka. Nilitazama huku na huku sikuona moshi wowote, lakini sikusema tena. Mwanamke aliyekaa na dereva miaka thelathini na mitano amezoea kuambiwa kwamba barabara haimhusu. Nikafumba macho, si kwa usingizi.

Tairi la nyuma kushoto lilipasuka tukiwa kwenye mteremko wa kuelekea machimboni. Gari lilivuta kushoto, likatoka barabarani, likamgonga muuza maji aliyekuwa anasukuma mkokoteni wake ukingoni, mahali pake kabisa, wala hakuwa na kosa lolote. Madumu yalitawanyika. Mguu wake ulivunjika chini ya goti, niliuona na sitaki kuueleza zaidi. Alikuwa amelala chini huku anauliza kama mkokoteni umevunjika. Nilimwambia ni mzima. Haukuwa mzima.

Askari wa usalama barabarani walifika muuza maji akiwa ameshapakiwa kwenye gari la msamaria kupelekwa hospitali. Mmoja alimfuata mume wangu. Kabla hajaulizwa swali, mume wangu alisema: "Fundi amejaza upepo kupita kiasi. Mimi nilimwonya." Yule askari aliandika. Kisha akanigeukia mimi, kwa heshima kabisa, akasema: "Mama, ndivyo ilivyokuwa?"

Nilimjibu: "Mwanangu, mimi ni wa cherehani tu. Mambo ya magari anayajua mume wangu."

Afande, hakuna neno la uongo ndani ya jibu hilo. Lilinitoka laini, kama kitu nilichokuwa nimekishona siku nyingi, na lilitosha. Askari alifunga kitabu chake.

Jioni ya siku hiyo walikuja kumchukua Mapafu. Niliona kutoka dirishani kwangu. Alikuwa anaziba pancha ya mteja, vidole vimejaa gundi, na aliwaomba anawe mikono kwanza. Wakamruhusu. Mashine yake ya upepo ikapakiwa nayo kama kielelezo. Watu waliokuwa pale walisema maneno mabaya juu yake, wengine ni wateja wake wa kila siku. Mume wangu alikuwa kitandani na shingo inamuuma. Aliniuliza kelele za nini, nikamwambia hakuna kitu.

Jana Jumapili, saa kumi alasiri, mke wa Mapafu alibisha hodi kwetu, mtoto mgongoni. Nilijua kwamba amekuja kutulaani, na ninakiri kwamba nilifarijika kidogo, kwa sababu mtu akikutukana unapata angalau pa kushika. Hakutulaani. Alitupa shikamoo wote wawili, akakaa kwenye ncha ya kiti, akasema: "Baba, mama, nimekuja kuomba radhi kwa niaba ya mume wangu. Sijui alikosea wapi. Labda ni usingizi, mtoto alitukesha usiku ule. Naomba mtusamehe. Na kama mnaweza, mseme neno moja la huruma huko kituoni."

Mume wangu alijiweka sawa kwenye kiti, akaweka mkono kifuani. Akasema: "Mwanangu, kuteleza si kuanguka. Hakuna fundi asiyekosea. Tumekusamehe."

Mimi nilimimina chai. Yule binti aliinywa yote ingawa ilikuwa ya moto, akatushukuru, na kabla ya kuondoka aliingia jikoni akaosha kikombe chake. Nilimwambia akiache. Akasema: "Hapana mama, mmetutendea wema."

Naona aibu kusema haya mbele ya kijana anayelingana na wanangu. Nimeishi mtaa ule tangu wanangu hawajaota meno, na sijawahi kuona aibu ya namna hii, inayokaa nawe mpaka mezani na kula chakula chako.

Alipoondoka nilimwambia mume wangu: "Baba Pacha, unajua wewe mwenyewe ulichofanya." Alikasirika. Akaniuliza kama nataka afie mahabusu kwa umri ule, akasema Mapafu ana nguvu bado, atatoka na atasahau. Niliondoa vikombe vyetu mezani. Kisha akasema, kwa sauti ambayo si ile ya kuzunguka magari ya watu: "Nimeyapunguza hivyo maisha yangu yote. Kama Ijumaa nilikosea, basi nilikosea siku zote, ila sikuwahi kukamatwa."

Nilimwonea huruma. Bado namwonea. Si mtu mbaya, na sitaki karatasi hii isomwe kana kwamba nimeolewa na mtu mbaya. Lakini huruma yangu kwake ilikuwa inalipwa na mtu mwingine aliyelala sakafuni humu kituoni, na mwingine aliyefungwa plasta hospitalini. Watu wa mtaani watasema nimemwanika mume wangu. Ni kweli nimemwanika.

Afande ameniuliza kama mume wangu anajua kwamba niko hapa. Anajua. Leo asubuhi nilimwambia ninakwenda wapi na kusema nini. Alikuwa anafunga vifungo vya shati. Hakunizuia, wala hakunipa ruhusa. Nilipofika getini aliniita, nikarudi nikidhani atanikataza. Akasema: "Waambie nilibonyeza kwa ufunguo, siyo kwa msumari. Msumari unaharibu valvu." Nimeyasema kama alivyoniagiza. Nadhani hiyo ndiyo njia aliyoiweza ya kukubali, lakini hilo aulizwe yeye mwenyewe.

Ninachoomba ni kwamba Mapafu aachiliwe arudi kwa mke wake, na mashine yake arudishiwe. Alifanya kazi yake sawasawa na alisema la kusema, tena mara mbili. Yule mhudumu mwenye kofia nyekundu anaweza kuulizwa, aliona kila kitu. Muuza maji nitamwendea hospitali mwenyewe nikitoka hapa, sijui nitamwambia nini.

Hayo ndiyo niliyoyaona na kuyasikia, na ndiyo niliyoyanyamazia tangu Ijumaa. Nimeyatoa kwa hiari yangu, sijatishwa wala kuahidiwa chochote.

Saini ya shahidi: (ametia saini)

MAELEZO YA AFISA

Nimeyaandika maelezo haya mimi mwenyewe kama shahidi alivyoyasema, kisha nikamsomea yote kwa sauti. Nilipofika kwenye ziara ya mke wa fundi, shahidi aliniomba nisimame. Nikamletea maji, hakuyanywa. Ameomba marekebisho yafuatayo, nayo nimeyaandika kwa maneno yake:

"Hapo panasomeka kama aliyesema 'tumekusamehe' ni mume wangu peke yake, na mimi nilikuwa na birika tu. Siyo hivyo. Na mimi nilisema. Nilimshika yule binti mkono, nikamwambia, tumekusamehe, mwanangu."

Nimemsomea marekebisho hayo. Amesema sasa ni sahihi, na ametia saini mara ya pili.