Miezi Tisa Bila Lalamiko

Dada yangu mpenzi,

Shikamoo. Natumaini barua hii inakukuta mzima, na kwamba goti lako limepata nafuu tangu uliponiandikia. Shemeji hajambo? Watoto nao hawajambo? Sisi huku tu hai, na hilo nalitanguliza ili yanayofuata uyasome ukiwa umekaa. Chiriku wetu yuko hospitali, leo siku ya nne. Anakula, anaongea kidogo. Lakini amekatwa vidole viwili vya mkono wa kulia. Mstari huo nimeuandika mara sita, na mara tano nimechana karatasi.

Najua utasikia mengi kwa watu, maana la kuvunda halina ubani. Ni afadhali uyasikie kwangu.

Uliponiletea binti yako mwaka huu, ulinikuta ndiyo kwanza nimepandishwa cheo hapa kiwandani tunapofua mashuka ya mahoteli. Uliniambia nimwangalie kama mtoto wa tumbo langu, nami nikamwingiza kazini hapohapo, kwenye pasi na kukunja. Bosi aliyenitangulia, yule tuliyemwita Radi, alikuwa ameshaondoka. Unakumbuka nilivyokuwa nikikulilia kwa ajili yake. Yule mtu alikuwa hasemi, anafoka. Shuka likitoka na makunyanzi, ukoo wako mzima unatajwa. Basi nikaapa kwamba mimi sitakuwa hivyo, na kweli, miezi tisa sijapandisha sauti hata siku moja. Mtu akikosea namtazama, natoa daftari, naandika, napita zangu. Kila asubuhi nawauliza kama kuna tatizo, wanajibu hakuna. Mwisho wa mwezi natuma taarifa kwa wakubwa kwamba hakuna malalamiko. Wakanipa cheti. Nilikitundika juu ya meza yangu, na vumbi lake nilikuwa nafuta mwenyewe.

Nilijisifu kimoyomoyo, dada. Nilidhani nimepata dawa ya uongozi. Wafanyakazi wangu hawakugombana, hawakununa, hawakuomba ruhusa ovyo. Hata vicheko vilipungua, nami nikasema moyoni, hao ndio watu waliozama kwenye kazi.

Jumanne saa nne asubuhi Chiriku akaanguka kwenye meza ya kukunjia. Nilikimbia nikidhani ni njaa, maana unamjua mwanao na kuruka chai. Mama Pacha, mpiga pasi mkongwe kuliko sisi wote, akamvua glovu. Harufu iliyotoka pale bado ninayo puani. Mkono ulikuwa umevimba mpaka kiwiko, na vidole vimegeuka vyeusi. Alikuwa ameungua kwenye rola la kupigia pasi siku kumi na moja nyuma. Lile bati linalozuia vidole visifike kwenye rola lilikuwa limekatika muda mrefu. Watu wote ishirini na sita walijua. Asiyejua nilikuwa mimi, niliyekuwa nikiuliza kila asubuhi.

Hospitalini, tukiwa kwenye benchi la korido, nikamuuliza Mama Pacha ilikuwaje hakuna hata mmoja aliyeniambia. Kwanza aliutazama mkoba wangu, kama anayetaka kujua daftari limo au halimo. Kisha akasema, "Bosi, Radi alikuwa anatutukana, lakini ukimwambia mashine mbovu anaitukana na mashine, anamtukana na fundi, na jioni imeshapona. Wewe unaandika tu. Sisi hatujui unaandika nini."

Akanikumbusha mwenzetu wa mashine ya kukaushia. Alilalamikia joto, nikaandika, na kesho yake nikampeleka kuchambua mashuka machafu. Wote wakaona ameadhibiwa. Kumbe mimi nilimhamisha apumzike na lile joto, ila sikumwambia, wala sikumwambia mtu mwingine. Siku hiyohiyo nikajua kwamba jina langu kiwandani ni Jokofu. Na Mama Pacha akaniambia, bila ubaya, kwamba wapo wanaomkumbuka Radi mpaka leo. Radi, dada. Mtu ambaye siku aliyoondoka mimi nilinunua soda za kiwanda kizima.

Ningeishia hapo ungenihurumia. Lakini lipo ambalo Mama Pacha halijui, na sidhani kama mwanao atakuambia. Alipoanza kazi nilimwekea sharti, watu wasije wakasema nampendelea: kazini mimi ni bosi wake, si mama mdogo, na nyumbani habari za kazi hazivuki kizingiti. Siku ya tatu baada ya kuungua alikuwa jikoni anaosha vyombo kwa mkono mmoja. Nilimwona. Akaanza kusema, "Mama mdogo, ile mashine ya pasi..." Nikamkata kauli. Nikamwambia, "Ya kazini utaniambia kazini."

Asubuhi yake nikawauliza wote, mbele ya wote, kama kuna tatizo. Nikamtazama kama ninavyomtazama kila mtu. Akasema hakuna. Nami nikaandika kwamba kwa siku mbili amekuwa mzito kukunja mashuka. Maneno hayo yapo, kwa mwandiko wangu, na tarehe yake.

Kazini hakuthubutu, nyumbani nilimziba mdomo. Sijui mtoto angesemea wapi. Na huyu ndiye tuliyempa jina la Chiriku kwa sababu tangu alipojua kusema hakunyamaza.

Leo asubuhi nimemwomba radhi. Nimemwambia aseme lolote, hata anitukane. Alinisikiliza mpaka mwisho, macho makavu, akanishukuru kwa uji. Kisha akaniomba, kwa adabu sana, nitoke nje kidogo. Sikuwa hata nimefika mwisho wa korido nikamsikia analia kwa sauti. Kumbe alikuwa anasubiri niondoke ndipo alie.

Njoo, dada. Ukifika utaingia wewe, mimi nitabaki kwenye benchi. Hasira zako nitazipokea zote, usizipunguze.

Shemeji mweleze wewe kwa namna utakayoona inafaa. Wanao wabusu, na uwaambie dada yao anawasalimu. Hilo amenituma mwenyewe.

Mdogo wako,
uliyemkabidhi mtoto