Fundi, Kompyuta Imeshika Sauti Yangu

...basi tundu la tatu ndilo lilikuwa lenyewe, Fundi, lile la rangi ya waridi. La kijani nilichomeka, kimya. La bluu nikachomeka, kimya. Nimelala chali chini ya meza ya Mwalimu Tekla, vumbi lote la Dodoma limehamia nyuma ya hii kompyuta, najiuliza hawa waliotengeneza waliona nini kuweka matundu matatu yanayolingana halafu wakayaficha nyuma. Ungekuwepo ungesema, "Yona, usikilaumu chombo, kitazame." Nikakitazama. Kumbe kila tundu lina kipicha chake, kidogo kama punje ya uwele. Kimoja kimechorwa maiki.

Shikamoo, Fundi. Nimeanza kusema kabla ya kusalimu, unisamehe. Na hii siyo barua ya karatasi. Unajua mimi na kalamu tuliachana darasa la nne. Mwalimu Tekla, yule wa kwaya, uliyemtengenezea spika za kanisa, anataka kuwarekodi wanakwaya wake nyumbani, sauti moja moja, ili wakajifunze. Mumewe ameipata kompyuta ofisini kwao walipoletewa mpya. Sasa ameniambia nijaribu kama inaweza kushika maneno marefu, urefu wa wimbo mzima. "Sema chochote," kasema, akaenda kuwaita waimbaji wake. Nikasema moja, mbili, tatu, nikaishiwa. Nikafikiri nani ninaweza kumwambia maneno marefu. Nikakuta ni wewe tu.

Imekata. Umeona? Kila dakika moja inakata. Kuna mstari wa kijani unacheza mtu akisema, unakwenda unakwenda, sekunde sitini, unalala. Nilidhani nimeunguza kitu. Nikabonyeza tena kile kiduara chekundu, ikaendelea pale pale ilipoachia. Kwa hiyo nitakuwa nasema na kubonyeza, nasema na kubonyeza. Ukisikia nimekatika katikati ya neno ujue ni dakika imeisha, siyo mimi.

Nikueleze maiki kwanza, maana ungetaka kujua.

Mwalimu alileta ile ya kanisani, ndefu, nzito kama mchi. Mdomo wake hauingii kwenye hili tundu, nikatafuta waya wa kubadilishia, ukaingia. Nikasema. Sauti ikatoka kama ya mtu aliyetumbukia kisimani. Nikaongeza nguvu, kisima kikajaa nyuki. Nikakaa chini nikafikiri. Maiki ya kanisani inatuma sauti ndogo sana, inategemea ile amplifaya kubwa iikuze. Hii kompyuta haikuzi kiasi hicho. Lakini nilipopima lile tundu la waridi kwa mita yako, Fundi, nikakuta linatoa umeme kidogo. Tundu la kuingiza sauti, lenyewe linatoa umeme. Nilikaa nalo dakika nzima. Linamlisha nani?

Ndipo nikakumbuka zile maiki ndogo kama kifungo cha shati, zinazokaa ndani ya redio kaseti. Zile hazifanyi kazi bila kulishwa. Nikapanda baiskeli mpaka kibandani kwako, nikafungua lile kopo lako la maziwa la vifaa, nikachukua moja, nikaichomelea kwa risasi kwenye waya mwembamba, nikaivika soksi ya mtoto wa Mwalimu. Nikarudisha, nikachomeka, nikasema. Kimya.

Hapo nilitaka kulia. Mwalimu akaja na miwani yake, akasoma yale maneno ya Kiingereza kwenye kioo, akacheka. "Yona, hapa chini ya maiki kuna kisanduku kina tiki. Imeambiwa inyamaze. Unaidai sauti mashine iliyozibwa mdomo." Akatoa tiki. Nikakohoa, mstari ukaruka.

Fundi, sauti yangu ilitoka. Siyo kisima, siyo nyuki. Mimi kabisa, mpaka mate nikimeza. Nimetengeneza redio za watu miaka sita, zote zinasema watu wengine. Sikuwahi kujisikia. Nilidhani nina sauti nyembamba, kumbe ni nene kidogo, inafanana na ya baba.

Halafu kuna jambo ninataka kukuuliza na hakuna wa kumuuliza. Sauti iko wapi? Kwenye kaseti ninauona mkanda, ukikatika ninaunganisha kwa gundi. Humu nimefungua kifuniko nikachungulia: kuna feni, kuna waya bapa kama tambi, kuna boksi la chuma limefungwa skrubu ambazo bisibisi yangu haiziwezi. Hakuna mkanda unaozunguka nikauona. Lakini ukiidai inakupa.

Imekata. Nabonyeza.

Huku kumebadilika kidogo tangu ututoke. Ulituacha mvua zikinyesha. Sasa uwele umeshavunwa na upepo wa baridi umeanza, ule wa kuezua mabati. Nimelaza blanketi dirishani ili usiingie kwenye maiki. Redio za kubeba mkononi zimejaa sokoni, ikiharibika mtu anatupa, ananunua nyingine. Lakini wanaleta chaja za simu, Fundi. Simu za mkononi. Wiki iliyopita nimefungua moja, ndani kuna maiki ndogo kuliko mbegu ya papai. Nikaona ungefurahi.

Neema wako amekuwa wa pili darasani. Mama Neema anauza mlenda mkavu na karanga pale nje ya kibanda. Hasemi sana. Ananiuliza, "Yona, umekula?" basi.

Sasa nifike pale ambapo nilikuwa napakwepa.

Leo ndiyo siku ya kikao cha ukoo. Walikiahirisha mpaka watu wavune. Kaka yako Ndahani amefika jana kutoka Kongwa na wazee wawili. Anataka kibanda kiuzwe na Neema aende kukaa kwake. Siyo mtu mbaya. Alisema mbele ya watu, "Kibanda bila fundi ni mabati tu. Na mtoto wa mdogo wangu atakula wapi, kwenye waya?" Hata mimi nisingekuwepo hospitali ningeona ana akili.

Lakini nilikuwepo. Mimi tu. Mama Neema alikuwa amekwenda kukuchemshia uji. Ulinishika kifundo cha mkono ukasema maneno yale, ukayarudia, ukaniambia nimfikishie Ndahani. Na sikumfikishia. Siku ya mazishi waliuliza nani alikuwa na marehemu mwisho, nikatazama viatu vyangu. Ndahani aliniona. Akanitania mbele ya wachimba kaburi: "Huyu kijana ana ulimi, au tunamzika nao mdogo wangu?" Watu wakacheka kidogo, wakaacha.

Nilimwambia Mama Neema baada ya siku nyingi, yeye akiwa ndani, mimi nimesimama nje ya mlango. Akasema, "Kwao neno la aliyekufa halitumwi, Yona. Anakuja mwenyewe aliyelisikia, anasimama, wanamgeuzageuza kwa maswali mpaka waridhike. Mimi nikilisema, ni mke anajitetea." Hakuniambia niende. Ningependa angeniambia.

Fundi, nikwambie ukweli. Kazi hii ya Mwalimu nimeipanga leo makusudi. Nilitaka nikiulizwa niseme nilikuwa kazini. Halafu maiki ilipokubali nikapata akili nyingine. Nikasema, si nirekodi? Niyaseme yale maneno hapa, peke yangu, hakuna anayenitazama. Kisha nitoe waya kwenye lile tundu la kijani, la kutolea sauti, nihamishie kwenye kaseti, nimpe Mama Neema aipige pale kikaoni. Watasikia, na mimi sitakuwepo.

Nikarekodi. Nilisema vizuri, hata mimi nilishangaa. Nilisema jina langu, nikasema hospitali, saa, kitanda cha dirishani. Nikasema: Fundi alisema, mwambie kaka kibanda kisiuzwe. Neema asome hapa hapa, akae na mama yake. Basi. Nikairudisha nikasikiliza. Mwalimu Tekla alikuwa jikoni anasonga ugali, sikujua kama anasikia.

Akaja na mwiko mkononi. "Rudisha hapo," akasema.

Nikarudisha.

"Tena."

Nikarudisha tena.

"Hapo baada ya 'kibanda kisiuzwe'. Umemeza kitu. Mimi nimefundisha kwaya miaka kumi na nane, mwimbaji akiruka mstari anavuta pumzi hivyo hivyo. Umeruka nini, mwanangu?"

Akaangalia kile kioo, ule mstari ulivyolala bapa pale katikati, kama njia ya mbugani. Akaweka mwiko begani.

"Na wakikuuliza swali," akasema, "kaseti itajibu?"

Akarudi kwenye ugali wake.

Imekata. Nimeiacha ikakaa kidogo kabla ya kubonyeza.

Wewe unajua nilichoruka. Ulisema, "Kibanda kisiuzwe, ushike wewe. Mama Neema na mtoto wale hapo. Neema asome hapa hapa, akae na mama yake." Ushike wewe. Maneno mawili. Nitayasemaje mbele ya wazee? Kijana aliyeokotwa sokoni anabeba mizigo, hana ukoo pale, anasimama anasema marehemu ameniachia kibanda, na shahidi ni mimi mwenyewe. Watanitazama, na mimi nitatazama viatu vyangu, na mtu akitazama viatu anaonekana mwizi.

Kwa hiyo nikayatoa. Niliona ninafanya uungwana. Lakini nimekaa hapa nimeisikiliza mara nne, na kila mara nikifika pale ninasikia. Ulinifundisha kusikiliza redio kabla ya kuifungua, ubaya unausikia kwanza. Ubaya uko pale. Na nikisikiliza kama Ndahani, ninasikia zaidi. Kibanda kisiuzwe, sawa, nani atakiendesha? Neema akae na mama yake, sawa, wale nini? Hiyo kaseti haina jibu, kwa sababu jibu ndilo nimelimeza. Kwa kujificha mimi, ningewaondolea wao chakula.

Nimeifuta. Mashine iliniuliza swali kwa Kiingereza, Mwalimu akanisomea: una uhakika? Nikabonyeza ndiyo.

Unakumbuka ile redio ya mbao ya yule mzee, iliyokuwa inasema asubuhi tu, mchana inanyamaza? Tuliihangaikia siku tatu. Ukaniachia. Nikaona mimi kwamba bati la dirisha lilikuwa linairushia jua, kuna kiungo kinapanuka kwa joto kinaachia. Nilikuonyesha kwa kidole tu. Wewe ulimwambia mwenyewe alipokuja kuichukua, "Ameigundua huyu, siyo mimi." Nilijificha nyuma ya kabati. Ukasema, "Toka uonekane, Yona, kazi yako inakutafuta." Sikutoka. Hukunilazimisha. Nilitaka kukwambia siku moja kwamba nilisikia, na kwamba nilifurahi mpaka usingizi ukachelewa. Sikukwambia. Hayo nayo nilimeza.

Mwalimu amerudi na wasichana wawili wa sauti ya kwanza, wako uani wanakunywa maji, wanachekeana. Nimeweka maiki juu ya vitabu, usawa wa mdomo, wasimamie pembeni kidogo ili pumzi isiipige usoni. Nimewaandalia kila kitu. Kifaa ni chema, Fundi. Kikisikilizwa vizuri kinasema mpaka ulichoficha. Ningependa ungekiona.

Hii nayo sijui niihifadhi au niifute. Nafikiri nitaiacha humo, kwenye lile boksi lisilofunguka. Mwalimu kasema inahitaji jina. Nimempa lako.

Kwaheri, Fundi. Ukae salama huko uliko. Nilichokuahidi pale kitandani nilikuahidi kwa kichwa tu, sikutoa sauti. Sasa nakuahidi kwa mdomo. Nitasimama. Nikitetemeka, wataona ninatetemeka. Sitasema kwa mpango mzuri kama nilivyosema humu. Lile la "ushike wewe" nitalianza nalo, kabla halijanikimbia, halafu waulize wanachotaka, na nitajibu hata kama ni mpaka giza. Wakiona ninataka mali, waone. Neema atakaa na mama yake.

Naondoka. Kikao ni saa nane na saa saba imeshapita, na mimi nina baiskeli, na upepo leo unatoka huko huko Nzuguni ninakokwenda. Nisipotoka sasa hivi nitawakuta wameshasema neno la mwisho bila lako.