Vyenye Uhai Huku, Zana Kule

Machi 3

Kwa binti yangu mpendwa,

Hujambo, na wenzako hapo dobini hawajambo? Mimi mzima, ila goti tu. Baba yako ametoka hospitali, ile homa ya ubongo imekwisha. Jana alipanga zana zake zote za useremala, randa, patasi, misumeno, kila moja akiitaja kwa jina. Nikashukuru. Kisha nikampa nyanya. Akaigeuzageuza, akauliza inafungwa kwenye nini. Nilicheka, mwanangu. Paka alipopita akauliza ile brashi ni ya nani, nikaacha kucheka.

Mama yako

Machi 9

Mama yangu, shikamoo.

Huku salama, mikono tu imechubuka kwa sabuni. Nilimweleza daktari mmoja anayeleta mashuka hapa. Anasema akili huweka vitu kwa mafungu, vyenye uhai huku, zana kule, na homa inaweza kuunguza fungu moja, jingine likabaki zima. Niliporudi kwenye pasi swali likanijia, na tangu hapo sina raha. Watu wako fungu gani? Mwulize kama ananikumbuka. Nijibu upesi.

Binti yako

Machi 30

Binti yangu,

Salamu nyingi. Hali yangu usiulize. Nimechelewa kwa sababu kila nikianza barua hii naichana.

Jumanne asubuhi nilimpelekea chai karakanani, nikamkuta ameokota nyoka. Amemshika katikati, anatafuta ncha, huku analalamika kwamba siku hizi watu wanatupa kamba ovyo. Nilitaka kupiga kelele, nikakumbuka kwamba neno "nyoka" kwake sasa ni tupu. Nikasema, "Hiyo kamba ina gundi mbichi. Iweke chini taratibu, uje unawe."

Akamweka. Nyoka akateleza chini ya mbao. Baba yako akanitazama kama mtoto aliyepotea sokoni. "Imekwenda yenyewe," akasema, akaketi sakafuni.

Wewe anakukumbuka. Jana kanisimulia ulivyokuwa ukimfichia penseli.

Mama yako

Aprili 6

Mama, shikamoo, na pole sana.

Barua yako niliisoma nimesimama, nikashindwa kumaliza zamu. Nimepewa ruhusa, nafika Ijumaa tarehe 20. Baba usimwambie. Nataka nimtokee mlangoni tu, nimwone anavyonitambua.

Binti yako

Aprili 11

Mwanangu,

Njoo salama, lakini usije kimya. Anza kuzungumza ungali njiani, sema chochote, mradi asikie sauti.

Kuna jambo sikukuandikia. Siku moja nilisimama mlangoni pa karakana bila kusema neno. Alinitazama muda mrefu. Akasogea, akanipapasa bega kwa kidole gumba, vile anavyopima ubao kama umelainika. Kisha akageukia jikoni, akaniita kwa jina langu.

"Njoo uone," akasema. "Hiki nani kakileta humu?"

Mama yako