Karibu Iliyotoka Chumbani Mwako

Mama,

Tulikuzika Machakos, katika shamba la Babu, na udongo nilikutilia kwa mikono yangu mwenyewe. Kwa hiyo niambie, unafanya nini humu nyumbani Ukunda? Nikifagia nasikia kandambili zako zikiburuta nyuma yangu. Juzi muuza maziwa alibisha hodi, na kabla sijafungua mdomo ikasikika "Karibuuu" kutoka chumbani mwako, imevutwa vile vile ulivyozoea kuivuta. Muuza maziwa akaingia, akanipimia, akaenda zake. Mimi nikabaki nimeshika sufuria. Nakuogopa, Mama. Sikudhani ningekuja kukuambia hivyo.

Hujui tulivyokuwa baada yako. Tangu zile fujo za kuwafukuza watu wa bara, sisi wabara hatuitikii hodi tena. Wale vijana walibisha kwa adabu, mapanga wameyaficha mgongoni, na walioitika ndio walioumia. Siku hizi mtu anauliza kwanza "Nani?" na komeo liko mahali pake. Jumuiya yetu ya Jumapili, uliyoiongoza miaka yote hiyo, imejitungia kanuni: anayekuja kusali aulizwe jina lake kwa Kikamba, na ajibu kwa Kikamba. Mama Akinyi, Mjaluo wa watu, Mkristo kuliko sisi, alisimama nje na rozari yake akitutajia watakatifu mmoja mmoja ili tumwamini. Tulimwacha huko huko. Watu walicheka, mimi nikakusikia ukikohoa kile kikohozi chako cha hasira.

Ulikuwa ukifua mashuka ya hoteli kule Diani, na ulipenda kutuambia kwamba umefua jasho la mataifa yote na maji yake hutoka rangi moja. Kuhusu mlango ulikuwa na lako pia: "Yesu akibisha hatakutajia kabila. Wewe itika, utamjua akishaketi." Nilikuwa nikikuona mama mkaidi tu, asiyejua dunia.

Lakini kilichonikalisha niandike ni habari ya Bi Mwanasiti, jirani yetu Mdigo. Unakumbuka alivyoingia mchana ule wa fujo bila hata kusalimu, akasema tuchukue nguo mbili mbili tumfuate? Tulilala jikoni mwake, kisha akatuvisha mabuibui atupeleke kwa dada yake huko Munje. Lako lilikuwa fupi, miguu yako mirefu imetoka nje kama ya korongo, na nyinyi wawili mkacheka mpaka mkazibana midomo, huku moshi wa nyumba za watu ukionekana. Saa ya sala alitandika mkeka wake, wewe ukahesabu rozari ndani ya buibui lake. Hakuna aliyemwambia mwenzake asogee. Nilikuwa nimejikunja katikati yenu na sijapata kujiona salama namna ile.

Tuliporudi, nyumba yetu ilikuwa bado imesimama. Hapo ndipo maneno yalipoanza. Bi Mwanasiti alijuaje kwamba watatujia? Polisi walipomchukua Hamisi, mwanawe, kwa ajili ya fujo zile, maneno yakazidi. Wewe ulisema, "Simhoji mtu aliyenificha." Kisha presha ikakupanda, na katika hospitali ya Msambweni ukatutoka. Jumuiya ikamtumia Bi Mwanasiti ujumbe kwamba asionekane matangani.

Jumapili hii sala ilikuwa kwetu. Tumo katikati ya maombi, tukasikia hodi. Ni sauti ya Bi Mwanasiti. Mwenyekiti akanitikisia kichwa nisiitikie. Hodi ya pili, kimya. Ya tatu, kimya, nikamsikia akigeuka aende, maana watu wa huku hawabishi mara ya nne. Ndipo ikatoka, "Karibuuu."

Wote wakanigeukia. Wanaapa kwamba ni mimi niliyeitikia. Mama, mdomo wangu ulikuwa umefungwa.

Aliingia, akavua viatu, akakaa chini. "Nimekuja kumlilia mwenzangu," akasema. "Mlininyima matanga." Akalia kwa sauti, na hakuna aliyemshika bega. Mimi hata shikamoo sikumpa. Nilimuuliza papo hapo, "Ulijuaje, Bi?"

"Hamisi ndiye aliyeniambia, mwanangu. Wale vijana walimlisha kiapo, wallahi, naye akaja kunililia jikoni: Mama, watoe Mama Mueni na bintiye, zamu yao ni kesho. Angejulikana wangemchinja. Sikuweza kusema, mwanangu, ningesemaje?"

Kumbe alikuwa mmoja wao. Na kumbe ndiye aliyetuokoa. Viti vilisogezwa, watu wakaondoka mmoja mmoja, sala haijafungwa. Bi Mwanasiti akabaki ananitazama. Anataka Jumatatu niende naye kortini, nimweleze hakimu aliyoyafanya Hamisi kwa ajili yetu. Anasema akiyasema yeye, ni mama tu anayemtetea mwanawe.

Mwenyekiti amenipitishia neno kwamba nikienda nisikanyage tena kwenye jumuiya. Kaka Kioko amepiga simu dukani, anataka nifunge nyumba nirudi Machakos. Nami sijui Hamisi aliwafanyia nini watu wengine, ambao hawakuwa na jirani wa kuwatoa. Nawafikiria hao. Nikilala nawaona milangoni mwao wakiitikia hodi. Hilo la wengine sitalisema, kwa kuwa silijui. Nikiulizwa nitajibu hivyo hivyo.

Nimemwambia Bi Mwanasiti kwamba nitakwenda. Alinishika mikono yote miwili, mikono yake ikinuka mkaa na nazi.

Haya Mama, nakuaga. Mungu akulaze kule tulikokulaza. Siwezi kukuahidi kwamba nitampenda Hamisi. Nakuahidi hili moja: nitamtaja kwa jina lake mbele ya watu, wabara na Wadigo, na nitasema niko hai kwa sababu alimwambia mamake ukweli.

Bintiyo,
Mueni